Sherehe za kitaifa zifutwe au zibaki? Mi naangalia nikiwa Bagamoyo

Kila ikikaribia 9 Desemba huu ubishi unarudi, eti sherehe za Uhuru ni hela inachomwa tu, gwaride, ndege zinapita juu, wakubwa kivulini sie juani, jioni kila mtu kwake. Na wanaosema hivyo wana hoja bana tusiwadharau. 2015 Magufuli alifuta sherehe akataka watu washike mafagio, zile bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Mwenge Morocco. 2022 Rais Samia nae akaelekeza milioni 960 zijenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalum. Sasa mtoto kapata pa kulala, utasimama wewe useme bora yangepita magwaride? Mi siwezi.

Ila kuna kitu kinanikera. Hapa kwetu karibu na bahari kuna alama ya sehemu Wajerumani walipokua wananyongea watu waliowakatalia, maana hapa ndo palikua makao yao makuu kabla hawajahamia Dar 1891, na vita ya Abushiri ya 1888 ilipiga mpaka Bagamoyo (mwenyewe walimnyonga Pangani mwaka uliofuata). Basi 25 Julai 2024, Siku ya Mashujaa, nikapita pale alasiri nikakuta mbuzi wawili na kijana wa boda kajilaza juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani. Namuuliza mdogo wangu leo siku gani, ananambia Alhamisi. Na wala hajakosea, siku yenyewe hata mapumziko haina, shughuli ilikua Dodoma sie tumeiona kwenye tivii.

Sasa njoo wakati wa tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile iloanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Hakuna wa kuulizwa leo siku gani! Gesti zimejaa, ngoma inasikika mpaka sokoni, shangazi angu anakaanga mihogo na pweza njiani na saa tatu usiku keshamaliza anaosha karai, watoto wanarudi nyumbani wanaigiza sindimba uani wanaangusha ndoo za watu. Hapo hakuna alielazimishwa kuja, na hela inabaki mjini.

Lakini nalo lina yake. Kuna wazee hawalipendi kabisa, wanasema ngoma za unyago ni za ndani, zina siri na zina mafunzo, mnazipandisha jukwaani watalii wapige picha, kinachobaki ni kiuno tu. Nilikua nawaona wagumu, siku hizi nawaelewa nusu. Na wale walionyongwa pale ufukweni nao mara nyingi wanasahaulika kwenye tamasha, tunacheza hatua chache tu kutoka walipofia.

Kwaiyo mi sioni kama tatizo ni sherehe kuwepo au kutokuwepo, tatizo shughuli inapelekwa mbali na wenye msiba. Mambo ya bilioni waachieni hukohuko Dodoma. Hapa 25 Julai inatosha dua asubuhi, watoto wa shule wawili watatu, mzee mmoja anaejua kusimulia asiyeshika karatasi, na sufuria la pilau. Mbuzi si wapo palepale, sema tu sijui wa nani.