Shaba ya Kidato cha Tatu

Praktikali ya joto tuliingia nayo maabara jibu tukiwa nalo mfukoni. Kaka zetu wa kidato cha nne walishatunong'oneza bwenini: lile pande lililopakwa rangi nyeusi ni shaba, mwaka nenda mwaka rudi, na kila kilo ya shaba hutaka juli 390 za joto ili ipande nyuzi moja. Kilichobaki ni kulishika jibu na kurudi nalo kinyumenyume hadi kwenye vipimo. Kupika, kwa jina lake halisi.

Mimi nikapangiwa mtoto wa mvuvi. Akalinyanyua pande, akalipimapima mkononi, akasema, "Chubwi hili, la kuzamishia mshipi."

"Andika 390 twende tukale."

Hataki! Akalichemsha hadi nyuzi 100, akalivuta kwa uzi, akalikung'uta maji, chubwi! ndani ya kalorimita, kile kikombe cha kupimia joto. Pande gramu 200, maji gramu 100, nyuzi 28. Tukaikodolea themometa: 29, 30, 31, 32... ikagoma. Shaba ingeyafikisha maji kwenye 39 hivi. Mwenzangu akazidisha kilo 0.1 za maji kwa 4200 ya maji kwa nyuzi 4 zilizopanda, akapata juli 1680. Akagawanya kwa kilo 0.2 za pande mara nyuzi 68 lilizoshuka. Jibu: 123 na ushei.

Meza ya jirani walicheka mpaka wakamwaga maji yao. Hawakuhangaika kuchota mengine, na 390 yao ikatoka vilevile.

Mwalimu akaja. "Waliopata 390, simameni." Darasa zima likasimama, wengine wanapongezana. Tukabaki wawili tumekaa, natamani sakafu inimeze.

Mwalimu akatoa wembe, akakwangua pande. Chini ya rangi pakang'aa kijivu laini, wembe unazama kama kwenye sabuni. Risasi. Shaba ya shule ilikuwa imeyeyuka likizo, bila moto, kwa njia ya vyuma chakavu.

"Kitabu kinasema risasi ni 128," akasema. "Hawa wana 123. Nyie?"

"Joto lilipotea njiani, mwalimu," akajitetea kiranja.

"Likipotea, jibu linashuka. Lako limepanda mara tatu."

Kiranja hakukubali kuketi. "Basi labda letu sisi lilikuwa shaba kweli."

Mwalimu akamkabidhi pande lake, akamfungulia mlango. "Lipeleke kwa mnunuzi wa chakavu pale barabarani. Akikupa bei ya shaba, alama zote zako, na hela tugawane."