Lowassa na gharama ya haraka

Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani wa Tanzania, alipofariki Februari 2024, salamu za rambirambi zilijaa sifa za uchapakazi. Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme iliyomng'oa madarakani, ikapitiwa juu juu, kama ilivyo kawaida yetu tunapozika.

Uchapakazi wenyewe si wa kubisha. Akiwa Waziri wa Maji alivalia njuga mradi wa kufikisha maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga. Alipokuwa Waziri Mkuu akawabana wakuu wa mikoa na wilaya mpaka shule za kata zikaota kila kona. Walimu na maabara havikufuata kwa kasi hiyo, watu wakaziita yeboyebo kwa dhihaka. Hapo mimi namtetea. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia itampata siku moja. Mtoto aliyeishia la saba kwa kukosa nafasi, ndiyo basi tena.

Haraka hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme, na mkataba wa megawati 100 ukaangukia Richmond, kampuni ambayo Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe iliiona haina uwezo. Lowassa akajiuzulu Februari 2008, akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Lalamiko hilo lina uzito, na mahakamani hakuwahi kufikishwa. Lakini ni Julai 2015, akihama CCM, chama tawala, kwenda Chadema ya upinzani, ndipo akasema hadharani kwamba alitaka kuuvunja mkataba, akazuiwa na mamlaka za juu. Miaka saba! Waziri Mkuu aliyezuiwa kuokoa fedha za umma alikuwa na deni la kusema mapema zaidi.

Kuhusu utajiri wake, maswali yalikuwepo tangu kinyang'anyiro cha urais ndani ya CCM mwaka 1995. Kwenye harambee za makanisa na misikiti alitoa mamilioni, akisema ni yake na marafiki zake. Marafiki gani, na walitarajia nini? Halikujibiwa.

Chadema nao hawawezi kujivua. Mwaka 2007, kwenye mkutano wa hadhara pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, Dk. Slaa, Katibu Mkuu wao wakati huo, alimsoma kwenye orodha ya mafisadi. Miaka minane baadaye chama kikampa bendera ya kugombea urais, Slaa akaachana na siasa za chama. Kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, zilikuwa za watu waliochoshwa na CCM. Machi 2019 mgombea wao akarudi CCM, na waliomkata jina Dodoma mwaka 2015, alipoomba kuwa mgombea wa CCM, wakampokea kwa tabasamu.