Kabla ya nguruwe kulikuwa na picha

Tangu mwanaharakati Boniface Mwangi atangaze, Agosti 2025, kwamba atawania urais wa Kenya mwaka 2027, kila anayemjadili huanza na wale nguruwe aliowapeleka mlangoni pa Bunge kupinga tamaa ya wabunge. Si ajabu, hawasahauliki. Ila kwa maoni yangu kazi kubwa ya ujana wake ilikuwa nyingine, na wengi wanaomshangilia au kumtukana leo hawaijui kabisa.

Mwangi alizaliwa 1983. Shuleni hakukukalika. Aliuza vitabu barabarani pamoja na mamake, kisha akaingia chuo cha Biblia, na huko ndiko alikosoma habari za Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Uchungaji ukaishia hapo. Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 2007, alikuwa na miaka 24, mpiga picha wa gazeti la The Standard, akitumwa kule ambako wengine walikuwa wanakimbia. Tume ya Waki, iliyoyachunguza machafuko ya kikabila yaliyofuata uchaguzi ule, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Picha alizopiga zilimletea tuzo ya CNN ya wanahabari wa Afrika. Angetaka, angetulia na tuzo yake.

Hakutulia. Tarehe 1 Juni 2009, Sikukuu ya Madaraka, alikwenda Uwanja wa Nyayo baada ya kupatana na marafiki kwamba wangeinuka pamoja na kupiga kelele Rais Kibaki akihutubia. Saa ilipofika wenzake wakaingia mitini. Akainuka peke yake, akapaza sauti, akanyakuliwa na kupigwa, akatiwa ndani. Wengi husimulia kisa hiki kama ndicho kilichomzaa mwanaharakati. Mimi sikipi uzito huo. Ushujaa ulikuwapo, sibishi, lakini wengi waliokuwa uwanjani hawakupata hata kusikia alichokuwa analalamikia.

Kilichonigusa mimi ni Picha Mtaani. Mwangi na wenzake walizichukua picha za machafuko, wakazichapisha kubwa kubwa, wakazizungusha mji baada ya mji na kuzisimamisha hadharani. Hapakuwa na tiketi wala mlango wa kuogopesha mtu. Unapita zako na mfuko wa sukuma wiki, unajikuta uso kwa uso na kijana aliyeshika panga, nyumba inawaka nyuma yake, na mtaa wenyewe unaujua. Hukuambiwa ukasirikie nani. Umesimama tu, na pembeni yako amesimama mtu wa kabila lile lingine, naye anatazama picha hiyo hiyo. Wapo waliolia palepale. Wakati huo wanasiasa walikuwa wanatuhimiza tusahau, tusonge mbele, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hotuba ngapi za amani zilifanya kilichofanywa na zile picha? Mimi siikumbuki hata moja.

Baadaye ukaja ukumbi wa Pawa254 kwa ajili ya wasanii na wanaharakati, halafu mwaka 2012 michoro ya ukutani Nairobi iliyomwonyesha mwanasiasa kama tai mla mizoga. Hiyo bado ilikuwa picha mtaani, kwa rangi tu.

Kisha Mei 2013. Tume ya mishahara ilikuwa imeweka malipo ya mbunge kuwa shilingi 532,500 kwa mwezi, na waheshimiwa wakadai warudishiwe zile 851,000 za awali. Nguruwe na vitoto vyake wakamwagwa mbele ya lango la Bunge pamoja na damu, wakawa wanairamba huku polisi wakijiandaa na vitoa machozi. Dunia nzima ikaiona. Tulicheka sana, na mimi nilikuwa wa kwanza. Basi tuulize matokeo. Juni mwaka uleule wabunge walikubali zile 532,500, lakini wakaondoka na ruzuku ya shilingi milioni 5 kila mmoja ya kununua gari. Mshahara ulibanwa mlangoni, gari likapitia dirishani, na kufikia hapo kamera zilikuwa zimeshaondoka.

Ndiyo shida ya vituko. Huwakusanya watu haraka na kuwaacha haraka vilevile. Mwaka 2017 Mwangi aligombea ubunge wa Starehe kwa chama chake cha Ukweli, akakataa kuwagawia wapiga kura pesa, jambo ninalomheshimia kweli kweli. Kiti kikaenda kwa mwanamuziki Jaguar wa chama cha Jubilee. Wafuasi wa mtandaoni alikuwa nao tele, ila wengi wao hawakuwa wapiga kura wa Starehe, na mkaazi wa eneo lile aliyezoea noti ya kampeni hahamishwi na kijembe cha Twitter, hata kiwe kikali namna gani.

Kama angeniuliza, ningemwambia awatafute wapiga kura wa 2027 kwa mwendo ule ule wa Picha Mtaani: mji kwa mji, ana kwa ana, na aanze mapema kabla wenye mabunda hawajafika.