"Naomba PDF"

Weka picha ya kitabu kipya kwenye kundi la WhatsApp hapa Mbeya. Kabla hujataja hata bei, jibu la kwanza ni "naomba PDF". La pili hilohilo, la tatu hilohilo. Hakuna anayeuliza kinahusu nini! Inaniudhi kweli.

Sina ugomvi na simu. Kwenye basi la Tukuyu nasoma humohumo, na kitabu cha kielektroniki ulichokinunua ni kitabu halali. Lakini hizo PDF za kurushiana ni kurasa zilizopigwa picha, nyingine maneno yamekatika pembeni, na mwandishi hapati hata shilingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Mtu huyohuyo bando atanunua, viatu vya mtumba Mwanjelwa atanunua, ila kitabu cha elfu kumi "ni ghali mno". Halafu tunalalamika kwamba madukani tunakuta vitabu vya shule, madaftari na kalamu tu. Mwenye duka ataagizaje riwaya ambayo wateja wake wanaisubiri bure?

Mimi PDF za wizi simtumii mtu. Msiniombe.