Dirisha la Kumi na Moja

Leo asubuhi nimewasha kompyuta ya dukani, hata chai sijatia mdomoni, kioo kizima kikajaa tangazo. Linaanza kwa upole kama daktari anayekuvutia kiti kabla hajasema neno: asante kwa kuwa nasi miaka yote, ila sasa imefika mahali. Chini kuna vitufe viwili, "Nikumbushe baadaye" na "Nieleze zaidi". Cha "Sitaki" hakipo. Hata kikoba cha mama watoto, ambacho kwa kudai hakina mpinzani hapa Mbagala, humwachia mtu nafasi ya kusema hana.

Na mteja amesimama. Mama wa watu anataka kuprintiwa fomu aliyotumiwa WhatsApp, boda inamngoja nje inaunguruma, mimi huku nasomewa wasifu wa marehemu.

Marehemu ni Windows 10, ule mfumo wa Microsoft unaoendesha kompyuta yangu. Alizimika tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere. Sisi tumekaa nyumbani tunamkumbuka Baba wa Taifa, wao kwao Marekani wanafunga kitabu. Wataalamu wanasema hajafa, ameachwa tu: kompyuta itawaka vilevile, itachapa vilevile, ila akiugua hapewi dawa. Kwetu mtu wa namna hiyo tunajua anaishia wapi, lakini nisiingie huko, mteja ana boda.

Kinachoniuma si kifo, ni ahadi. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na mwaka huohuo mfanyakazi wao mmoja alisimama mbele ya kadamnasi akasema hilo ndilo Windows la mwisho. La mwisho! Nikajiambia sawa, na sisi wanyonge tutatulia sasa. Oktoba 2021 likatoka la 11. Nina fundi bati anaongea hivyohivyo. Kila masika ananihakikishia mvua hii ndiyo ya mwisho kuvuja.

Nyumba yangu mimi, ile ninayolala, ina madirisha matano, na mawili hayafunguki tangu tulipoyapaka rangi ya mafuta yakagandana. Miaka inapita, tunahema kwa matatu. Huku dukani nadaiwa la kumi na moja.

Na si kwamba mimi ni mgeni wa mambo haya. Windows XP nimeanza nayo nikiwa na nywele. Vista niliwasikia wenzangu wakilia, nikakaa mbali. Saba ilikuwa na adabu zake, nayo wakaizika Januari 2020. Ya nane, ile ya 2012, waliondoa kitufe cha Start, watu wazima tukawa tunazunguka kwenye kioo tunatafuta pa kuzimia kompyuta kama wageni wanaotafuta choo kwenye harusi. Mwaka uliofuata kitufe kikarudi kimyakimya, kama mume aliyelala nje.

Basi wiki iliyopita nikasema na liwe liwalo. Nimefunga duka nusu siku, nimeiviringisha kompyuta kwenye kanga ya mama watoto, nimepanda nayo daladala ya Kariakoo nikiwa nimeipakata. Konda akataka nauli ya mtu wa pili. Nikamwambia huyu hajafikisha umri. Akaangalia ile kanga, akaona aibu, akapita.

Winga amenidaka hata mguu wa pili haujagusa lami. "Mzee wangu, unauza au unatengeneza?" Nikasema natengeneza. "Twende kwa fundi wangu." Tumepanda ngazi za ghorofa mpaka magoti yakaanza kuniuliza maswali. Juu kuna chumba, kuna feni inayozunguka kwa kusitasita, kuna benchi lenye watu wanne na kompyuta zao mapajani, kimya, kama kliniki ya watoto siku ya kupima uzito.

"Shikamoo mzee," fundi akasema bila kuinua kichwa. Kijana mdogo, sawa na mwanangu wa tatu.

"Marahaba. Nataka kupigiwa Windows 11."

Sisi huku hatusakinishi, tunapiga. Hata hivyo akasema hapigi tu, lazima kwanza ipimwe afya. Nikadhani anatania. Kumbe ipo programu kabisa, kazi yake kupima kama kompyuta inafaa. Mimi mwenye kompyuta nimepimwa presha mara ya mwisho Viwanja vya Sabasaba, na nilipanga foleni kwa sababu ilikuwa bure.

"Ramu?" akajiuliza mwenyewe. "Nane. Wanataka nne."

Nikakaa vizuri kidogo.

"Diski, mia tano. Wanataka sitini na nne."

Nikageuka kuliangalia benchi, wajue wamekaa na nani.

Kisha akanyamaza. Akasogeza kichwa, akavuta pumzi kwa puani. Nikaijua ile pumzi. Ni ya fundi gari akishainua boneti.

"Mzee wangu, prosesa yako, yaani ubongo wa kompyuta, ni kizazi cha nne."

"Ndiyo?"

"Wao wanataka kuanzia cha nane."

Nikamwambia, kijana, mimi ukoo wetu ukinishika kooni nataja mpaka babu yake baba, na yeye tunachojua ni jina lake na kwamba alipenda kesi za mipaka. Hicho ndicho kizazi cha nne. Mahari tumetoa, urithi tumegawana, hakuna mtu aliyewahi kutuomba cha nane. Fundi hakucheka. Akaendelea kusoma.

"Halafu TPM yake haitoshi."

"Ndiyo nini?"

"Kachipu kanakotunza siri. Wanataka toleo la 2.0, hapa la kwako halijafika."

"Siri za nani?"

"Za kwako, mzee."

Siri zangu! Kwenye kompyuta hii kuna wasifu wa kazi wa vijana wa mtaa mzima, kadi za michango ya harusi, na barua tatu za udhuru wa mazishi ya bibi mmoja huyohuyo, zimeandikwa miezi tofauti kwa waajiri tofauti. Ikiwa kuna mwizi anazitaka, aje mchana, nitamtolea na kopi.

Hapo benchi likafunguka. Dada mmoja mwenye pochi ya kompyuta akasema kwa huruma, "Baba, si uiuze tu ununue nyingine?" Kwa huruma ileile anayopewa mtu mwenye ng'ombe kilema. Mzee wa kahawa, ambaye hata hakuja na kompyuta, alikuja kudai pesa ya vikombe, akasema redio yake ina betri nne na haijawahi kumuuliza kizazi. Mwanafunzi mmoja wa chuo, mwembamba, ameshika kompyuta yenye stika kila mahali, akaniambia, "Mzee, hamia Linux, ni mfumo mwingine, ni bure." Nikamuuliza, printa yangu itaikubali? Akasema inategemea. Nikamuuliza, inategemea nini? Akaanza kueleza, akaeleza mpaka mzee wa kahawa akakaa chini, na mpaka naondoka sijajua kama printa itakubali.

Winga muda wote amesimama mlangoni, hajaondoka, maana hajapata chake. "Mzee, cha nane kipo hapo chini, laki nne na nusu, nakuletea hapahapa sasa hivi." Laki nne na nusu. Kopi moja mimi natoa shilingi mia. Nikapiga hesabu kichwani nikafika kopi elfu nne na mia tano, na hapo sijanunua karatasi, sijanunua wino, umeme haujakatika. Nikaacha.

Fundi akainama karibu yangu, akashusha sauti. "Ila njia ipo. Naweza kuipitisha. Inaingia bila kuulizwa vigezo."

"Itafanya kazi?"

"Itafanya."

"Na masasisho yatakuja?"

"Yatakuja."

"Siku zote?"

"Mpaka yatakapogoma."

Yaani natoka kwenye mfumo wa halali usiosaidiwa, naingia kwenye unaosaidiwa ambao mimi humo ni mhamiaji haramu. Nikamwambia kwa heshima zangu zote, mimi ni mjumbe wa mirathi kwenye ukoo, ni mweka hazina msaidizi wa jumuiya, siingii dirishani.

Akaona mzee ana msimamo, akanipa la mwisho: unaweza kubaki na Windows 10 ukapewa dawa kwa mwaka mmoja wa nyongeza. Njia tatu. Ulipe dola 30, ambazo ni zaidi ya elfu sabini. Au ukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwao kupitia akaunti, iwe bure. Au utoe pointi 1,000.

"Pointi za nini?"

"Unazipata ukitafuta vitu mtandaoni kwa kupitia kwao."

"Kutafuta nini?"

"Chochote. Wewe unatafuta tu, wanakupa pointi."

Jamani. Nimelea watoto wanne katika jiji hili kwa kutafuta. Natafuta tangu alfajiri mpaka giza linaingia. Hakuna aliyewahi kunipa hata nusu pointi.

Nimeviringisha kompyuta yangu kwenye kanga. Fundi akasema elfu tano ya kucheki. Winga akasema na yeye amenipandisha ngazi. Mzee wa kahawa akaniangalia kama na mimi nilikunywa.

Ile njia ya bure nimeijaribu usiku huohuo. Inataka nywila ya akaunti, akaunti aliifungua mpwa wangu akiwa sekondari, na anachokumbuka ni kwamba ndani kulikuwa na neno "mnyama" na mwaka ambao Simba haikuchukua ubingwa. Hiyo ni miaka mingi, na mimi ni Yanga, siwezi kukaa nikiichapa mmoja mmoja.

Huyo mpwa kompyuta yake mpya imekuja na 11 tayari. Nimeishika. Start wameileta katikati. Ukitaka kuirudisha kushoto, inarudi, hilo niwape. Lakini ule mstari wa chini, mimi miaka yote niliuweka juu ya kioo, maana chini kwangu kuna vumbi la chaki sijui linatoka wapi, kwenye 11 nilihangaika nao haukuhama. Ukibofya kitufe cha kulia cha mausi unapata orodha fupi, halafu mwisho wake imeandikwa "Onyesha zaidi". Zaidi ya nini? Si ndicho nilichobofyia? Ni sawa na mama ntilie akuletee wali, ukiuliza maharage anakwambia inuka urudi tena kaunta. Mengine ni mazuri, sibishi. Madirisha yanapangika vizuri kando kwa kando, na kioo kinapendeza. Ukinunua mashine mpya leo, kaa nayo hiyohiyo, usianze kumtafuta fundi wa kukurudisha nyuma. Ila kutoa laki nne na nusu ili Start ihame, hapana.

Hapo wataalamu hunikata kauli kwa usalama, na kweli kuna mahali nanyamaza. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilizunguka nchi zaidi ya mia, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Na dawa yake ilikuwa imeshatolewa tangu Machi, watu hawakuiweka. Sawa. Nimeelewa. Lakini mimi virusi vyangu havitoki mtandaoni, vinakuja kwa miguu. Vinavaa sare ya shule, vimeshika flashi, vinasema "shikamoo, naomba kuprinti". Ukiichomeka, mafaili yote yamegeuka vishale, na flashi hiyohiyo asubuhi ilikuwa kwa mwenzangu wa steshenari ya kona, na jana yake ilikuwa ofisi ya kata. TPM ya toleo gani itamzuia mtoto aliyenisalimia vizuri?

Na hii mashine INAFANYA KAZI. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Haijaungua, haijapasuka, hainuki. Imekuja mtumba kwa meli, imechapa barua za maombi ya kazi, watu wamepata hizo kazi, wameoa, na kadi za harusi imechapa yenyewe, imechapa na tangazo la kubatilisha harusi moja. Imenusurika na umeme wa hapa kwetu, ule unaorudi kwa hasira kuliko ulivyoondoka. Leo naambiwa haina sifa. Kwani usaili umetangazwa lini?

Yule mama wa fomu, nimebofya "Nikumbushe baadaye", nimemprintia, ameondoka. Halafu fomu yenyewe ilitakiwa ijazwe kwa mkono.

Sasa kuna na hili. Mama watoto alinisikia usiku nikiongea na mpwa wangu kwenye simu: mara Windows, mara laki nne na nusu, mara dola. Kwa madirisha anakijua Kiingereza cha kutosha. Leo mchana nimerudi kula, nakuta fundi aluminiamu yuko chumbani kwangu na futi kamba. Wamekubaliana tayari. Naambiwa, "Si ulisema una hela ya madirisha? Anza na haya yasiyofunguka."

Fundi amepima juu, amepima chini, amepima tena juu. Akavuta pumzi kwa puani.

"Mzee," akasema, "huu ukuta wa zamani. Vipimo vyake havipo tena. Dirisha la kisasa hapa halikai mpaka tubomoe."

Nimemuuliza kama ipo njia ya kulipitisha. Akashusha sauti akasema ipo, ila litakuwa linaingiza mbu upande mmoja. Mama watoto akauliza, na wavu je? Wavu, akasema, unahesabiwa peke yake.