Jipsamu, panga boi na raha ya sebuleni

Shangazi yangu wa Tabata alipomaliza kupiga jipsamu sebuleni kwake, alituita tukaone. Dari limeshushwa ngazi mbili, taa za mkanda zinabadilika rangi kwa rimoti, mapazia mazito yanaburuza chini, makochi yamejaa mpaka unapita kiubavu. Tukasifu, tukapiga picha. Haikufika nusu saa, mmoja mmoja akaanza kutoka, na chai tukainywea kibarazani, mkekani.

Mafundi wa mapambo ya ndani wanasema rangi, taa na mpangilio wa vyombo hubadili moyo wa mtu: buluu hutuliza, njano huchangamsha. Wengine wanajibu kwamba hayo ni maneno ya kuuzia rangi, mwenye kodi ya miezi sita kichwani hatulizwi na ukuta. Mimi naona wote wameshika ukweli, ila si pale wanapodhani.

Kwenye rangi, wabishi wana hoja. Mwaka 1979, kwa ushawishi wa mtafiti Alexander Schauss, gereza la wanamaji huko Seattle, Marekani, lilipaka mahabusu rangi ya waridi, ikasemwa wafungwa wanapoa. Mtindo ukaenea hadi magereza ya Uswisi. Watafiti walipokuja kuupima huko kwa makini, hawakukuta kwamba waridi inapunguza ukali kuliko rangi nyingine.

Dirisha ni habari nyingine. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa majalada ya wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 walilazwa wakitazama miti, 23 wakitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa wodini siku chache kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache. Watu 46 si wengi, wala hospitali moja si dunia nzima. Hata hivyo, ni ushahidi mzito kuliko ule wa ndoo ya rangi.

Nikirudi Tabata, dari lenyewe silioni kuwa kosa, maana chini ya bati linapunguza joto. Tatizo ni kwamba panga boi lilitolewa, eti linaharibu muonekano, na madirisha ya mbao yakapisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo ukiyafungua yote unapata nusu ya upenyo. Nusu hiyo nayo imezibwa na pazia. Kwa joto la Dar la Februari, hicho ndicho kilichotutoa nje, wala si rangi ya taa.

Kuna wanaotaka turudi kwenye nyumba za mawe za Lamu. Ni kweli zile kuta nene na ua wa kati vinapoza, na vidaka vya chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, vinakifanya chumba chembamba kisibane macho. Lakini chumba kilikuwa chembamba kwa sababu boriti ya mkoko inayobeba dari haivuki mbali, na kadiri unavyoingia ndani giza linazidi. Wanaozisifu wengi wamelala pale siku mbili, tena juu, kwenye upepo.

Kuna jambo moja linalonizuia kumcheka shangazi. Amepanga miaka mingi, kwenye vyumba ambavyo mwenye nyumba alikataza hata kugongelea msumari wa kuning'iniza kalenda. Sasa magharibi ikiingia anashika rimoti, anachagua zambarau, anakaa peke yake dakika kumi akiangalia juu. Sijui kipimo cha kupimia raha ile, lakini ipo, na haitokani na hewa wala mwanga wa jua. Inatokana na kuamua mwenyewe.

Nilimwomba arudishe panga boi. Akasema atalifikiria, ila pazia mtu asiliguse.