Mwatiko hauanzi na jembe

Makala inahimiza wakazi wa Kigamboni wachimbe mabwawa ya mwatiko, samaki wa maji ya chumvi anayefugika, ila imeruka mambo mawili: udongo na vifaranga.

Msikate mikoko. Mbali na kwamba ni hifadhi kisheria, tope lake likikauka hugeuka tindikali. Bwawa linaonekana zima, mvua ya kwanza inaosha kingo, maji yanachachuka, asubuhi samaki wanaelea. Chimbeni nyuma ya mikoko, kwenye jangwa la chumvi ambako bamvua, yaani maji makuu ya bahari, linafika. Kausheni bwawa hadi lipasuke, lijazeni na kulimwaga mara kadhaa ili kuosha tindikali iliyopo, kisha mtie chokaa.

Halafu chakula. Mwagieni mbolea ya kuku na maji ya kina cha sentimita 10 tu, ili jua lifike chini. Zulia la mwani likishaota ndipo mpandishe maji kidogo kidogo. Mwatiko hula hilo zulia.

Vifaranga hukamatwa kwa wavu wa matundu madogo kwenye vijito wakati wa bamvua. Mtieni mmoja kwenye bakuli jeupe: ni kama uzi wa kioo wenye vidoa vitatu vyeusi, macho mawili na kimoja katikati ya mwili. Wengine wote, kamba na mkizi wachanga, warudisheni majini palepale, msiwamwage mchangani! Hao ndio kitoweo cha kesho cha wavuvi. Na lango la bwawa liwekeeni chandarua, la sivyo samaki walao wenzao wataingia wadogo wadogo na kuwamaliza mwatiko kimyakimya.

Kwa anayeanza, samaki mmoja kwa mita ya mraba anatosha.